Kanda ya Mazishi ya Ojuok

Mtu akikudharau kupita kiasi, hukupa mwenyewe fimbo ya kumchapia. Okech, mdogo wa marehemu mume wangu, alinipa deki ya video.

Ojuok alipokufa, Okech alichukua duka lake la nyavu hapa Mkuyuni, lililopakana na nyumba yetu. Nyavu akauza, mabenchi akapanga, likawa banda la video. Kwa kuogopa wezi, bandani alibakiza televisheni tu, ndani ya kizimba cha nondo; akishaiwasha alikifunga, ufunguo akauacha kwangu. Deki aliiweka sebuleni kwangu, na juu yake kijisanduku chenye antena alichokitoa Kisumu. Hicho ndicho kilichorusha picha na sauti hewani, bila waya, hadi bandani. Kazi yangu ikawa kukaa na kanda, nisubiri anipigie kelele dirishani: "Shemeji, weka ya kareti." Hata asante sijawahi kuipata, na banda lenyewe ni duka la mume wangu.

Jumapili moja aliingia bila hodi. Watu walishajaa bandani.

"Shemeji, mwisho wa mwezi uchukue watoto urudi kwenu Shirati. Nyumba nimeipatia mpangaji."

"Nyumba ya nani?"

"Ya kaka yangu. Wewe ni mwanamke tu, Akeyo, usijitie kujua sheria. Haya, weka ya kareti, watu wanasubiri."

Akatoka anapiga mluzi. Mluzi, jamani, baada ya maneno yale. Nikaufunga mlango kwa ndani. Kisha nikafungua kabati, nikatoa kanda ya mazishi ya Ojuok, nikaitumbukiza kwenye deki.

Mimi televisheni sina, ila ukuta wetu na banda ni mmoja, kila neno nalisikia. Kwanza ikaimba kwaya, na watu wakaguna. Hii nini tena, wanataka kareti. Halafu kwaya ikaisha, ikatoka sauti ya Okech, imelegea kwa kilio, kashika kipaza sauti kaburini mbele ya ukoo mzima:

"Nyumba na duka ni vya Akeyo na wanawe. Kaka, mimi nikivigusa, uje unichukue."



Haukupita muda, mlango wangu ukaanza kugongwa.

"Shemeji, zima. Umekosea kanda."

"Sijakosea," nikamjibu. Nikairudisha kanda nyuma, nikaibonyeza tena.

Safari hii bandani walicheka, na hakikuwa kicheko cha kumfurahia. Okech akanitukana. Akanibembeleza, akaniita mama watoto, akanitukana tena. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa hatua chache tu, kutoka bandani mpaka kizingitini kwangu. Nilitaka aaibike. Nilitaka aaibike mbele ya watu walewale aliokuwa akiwatoza kiingilio kwenye duka la watoto wangu. Nikairudisha tena kanda, ikacheza mara ya tatu.

Sauti yake ikaanza upya kulia kaburini, na yeye mwenyewe yupo mlangoni anagonga. Ndipo mzee Nkwabi, mvuvi aliyekuwa akinunua nyavu kwa Ojuok, akamwita kutoka bandani, taratibu kabisa:

"Okech, achana na mlango wa watu. Njoo huku, unaongea."

Kugonga kukakoma.