Siku Niliyoshika Hendeli

"Kidole gumba, shemeji! Toa hicho kidole gumba!"

Alikuwa Halvor, mdogo wa mume wangu, akinipigia kelele kutoka nyuma ya kamba waliposimama watu. Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umeikumbatia hendeli ya kuwashia injini mzimamzima, gumba upande huu na vidole vinne upande ule, kama mtu aliyeshika mpini wa jembe. Haishikwi hivyo. Vidole vyote vinakaa upande mmoja, ili hendeli ikirudi kwa hasira iteleze iende zake, isiondoke na gumba lako. Hayo niliyajua kama ninavyoijua sala ya kulalia. Lakini hofu ilikuwa imeushika mkono kabla mimi sijaushika.

Nikaliondoa gumba. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua la Agosti, na kiganja changu kilikuwa kimelowa jasho.

Yalikuwa maonyesho ya wakulima ya wilaya yetu, huku Iowa. Mabanda ya nguruwe yalikuwa nyuma yetu, na mbele kulikuwa na jukwaa la beni ya tarumbeta. Katikati, kwenye uwanja uliokanyagwa mpaka ukawa unga, ilisimama injini moja ya petroli yenye magurudumu mawili mazito, na ubavuni mwake kijisanduku cha chuma kinachoweza kukaa ndani ya sufuria ya uji. Kijisanduku hicho ndicho magneto ya mume wangu, Osmund Tveit. Ndicho kinachotengeneza cheche. Pembeni yake alikuwa Bwana Lathrop, aliyetumwa na kiwanda cha injini cha Illinois kuja kuangalia kama kinafaa kununuliwa. Alivaa kofia ya majani na viatu ambavyo havijawahi kuingia zizini.

Wazo lilikuwa lake. "Mume akipiga hendeli, watu watasema ana nguvu," alisema. "Apige mama. Akiweza mama, mkulima gani atashindwa?"

Watu walicheka. Mmoja akasema, "Ivute kama unavyomvuta Osmund atoke karakana chakula kikiwa tayari!"

"Huyo havutiki," akadakia mwingine. "Hapo hata farasi wanne hawatoshi!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikitazama mkono wa kulia wa Halvor, uliolala juu ya kamba. Kutoka kiwiko kwenda chini ulikuwa umepinda kidogo kwa nje, kama tawi lililokatika likaungana lenyewe.

*

Inanipasa nieleze injini za wakati ule. Wajukuu zangu wanabonyeza kitufe na gari linanguruma, nao wanashangaa kwa nini bibi yao hurudi nyuma hatua mbili.

Injini ilihitaji cheche ndani ya silinda kwa wakati wake. Ikishakolea mwendo, inataka cheche iwahi kidogo. Lakini unapoianzisha kwa mkono, polepole, cheche inatakiwa ichelewe. Ikiwahi, moto unaisukuma pistoni irudi ilikotoka, na hendeli inarudi nayo, na mwisho wa hendeli ni mkono wako. Kwa hiyo kulikuwa na kijiti kidogo cha chuma cha kuichelewesha cheche, cha kuvuta nyuma kabla ya kupiga hendeli. Ukisahau kukivuta, yaliyobaki si yako tena.

Majira ya baridi ya mwaka tuliooana, Osmund alisahau kukivuta. Alikuwa akiongea. Ndiyo hivyo tu, alikuwa akiongea juu ya bei ya shaba, na Halvor akainama akapiga. Nilikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa. Sauti ya mfupa ule haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu amevunja kuni kavu gotini. Halvor hakulia. Alikaa kwenye theluji akautazama mkono wake kama kitu alichoazimwa, akasema, "Kaka, nadhani kijiti hakikuvutwa."

Tangu siku hiyo Osmund akawa na ugonjwa wa kutoa vitu.

Alianza na kijiti kile. Akasema kitu ambacho mtu anaweza kukisahau hakifai kuwepo. Kisha akatoa betri, kwa kuwa baridi huziua. Kisha akaigeukia magneto yenyewe. Magneto za watu wengine zilizungusha koili nzima ya waya katikati ya sumaku, na waya unaozunguka unataka vijibrashi vya kuutoa umeme, na vijibrashi vinalika, na mkulima aliye mbali na mji afanye nini? Osmund akailaza koili isisogee kabisa, akaacha kipande cha chuma kitupu ndicho kizunguke. Koili hizo nilizisokota mimi, kwenye meza ya jikoni, kwa mashine niliyoikanyaga kama cherehani, waya mwembamba kama unywele ukijilaza safu juu ya safu. Nilipenda kazi ile. Ukitulia nayo, nayo inatulia nawe.

Kila jioni alishika kipande fulani, akakiinua kwenye mwanga wa taa na kuuliza, "Hiki kinafanya kazi gani?" Nikishindwa kumjibu, kinatoka.

Mkono ukishazoea kutoa haujui kukoma. Alitoa komeo la mlango wa stoo, tukakuta mbwa wa jirani amelala kwenye pipa la unga. Alitoa kijiti cha kushikilia miguu ya kiti, na kiti kikavumilia wiki nzima mpaka mchungaji alipokuja kunywa kahawa. Mchungaji alishuka taratibu, kikombe mkononi, uso wake ukionyesha upole mkubwa, mpaka akakaa sakafuni. Halvor alitoka nje kwenda kucheka. Mimi nilicheka pia, baadaye. Lakini usiku huo nililala nikiwaza: huyu mtu atajuaje pa kusimama?

Badala ya kile kijiti cha kuvuta, aliweka ulimi mdogo wa chuma ndani ya magneto. Ukizungusha hendeli polepole, ulimi hudondoka na kukishika kile chuma kinachozunguka, ukakizuia, huku springi nene ikijikunja nyuma yake. Pistoni ikifika mahali salama ulimi unaachia. Ta! Chuma kinaruka, cheche inatoka, nene na ya kuchelewa, hata kama anayezungusha ni mtoto. Injini ikikolea, mzunguko wenyewe huurusha ulimi pembeni ukakaa kando. Hakuna wa kukumbuka chochote. Ila ulimi ukigoma kudondoka, cheche inawahi. Kwa ajili hiyo kulikuwa na springi nyingine, ndogo kama kipini cha nywele, ya kuusukuma ushuke.

Huo ndio usalama wote uliouzuia mkono wangu usiwe kama mkono wa Halvor.

*

Kwa hiyo pale uwanjani nilifanya alivyonifundisha Halvor. Kabla ya kuvuta kwa nguvu, unazungusha mara moja kwa upole na kusikiliza. Ukisikia ule mlio, ulimi umeshika.

Nikazungusha. Beni ilikuwa ikipiga wimbo wa maandamano, ngoma kubwa ikidunda hadi tumboni. Sikusikia kitu.

Nikazungusha tena. Upepo ukapita, ukabeba vumbi la uwanja na kulimwaga juu ya injini, juu ya nywele zangu, ndani ya mdomo. Vumbi lile lilikuwa jepesi, la kuingia popote penye grisi. Sikusikia kitu, wala mkononi sikuhisi kitu.

"Vipi, mama Tveit, imelala?" mtu akaita. "Iimbie!"

Nikainua macho kumtafuta Osmund. Alisimama karibu na Lathrop, ameitikia jambo kwa kichwa, anatabasamu kama mtu anayepigwa picha. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye kimfuko cha kizibao. Vidole vilikuwa vikicheza na kitu humo ndani. Ninamjua mume wangu. Vidole vile havichezi na senti wala na saa.

Niliiachia hendeli, nikamwendea huku nikijifuta mikono kwenye aproni, nikamwambia kwa Kinorwe, lugha ya nyumbani, ambayo Lathrop hakuijua.

"Una nini mfukoni?"

"Zungusha, Ragna. Watu wanangoja."

"Osmund. Una nini mfukoni?"

Akatazama chini. "Springi. Ile ndogo."

"Umeitoa lini?"

"Alfajiri. Haina kazi. Ulimi una uzito wake, unadondoka wenyewe. Nimejaribu mezani, kila mara unadondoka."

"Mezani kuna vumbi hili?"

Akaigeukia injini.

"Umejaribu kwenye injini?"

"Halvor alikuwa hajafika," akasema.

Ndipo nilipoanza kuelewa. Maana nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho kumwona Osmund ameshika hendeli, nami sikuikumbuka. Kila asubuhi injini ya karakana iliwashwa na Halvor, kwa mkono wa kushoto. Halvor akisafiri, Osmund husema leo ni siku ya kuchora. Nilikuwa nimeishi nyumba moja na hofu hiyo miaka yote hiyo nikiipikia kahawa, nisijue jina lake.

"Basi piga wewe," nikamwambia.

Aliitazama hendeli. Sitaieleza sura yake. Jicho lake lilihama kutoka kwenye hendeli likaenda kwenye kamba, kwenye mkono uliopinda, likarudi. Alikuwa tayari kuniacha mimi nipige, si kwa ukatili, bali kwa sababu mezani ulimi ulidondoka kila mara, na meza ndiyo aliyoiamini.

Ningeweza kuondoka. Banda la wanawake wa kanisa lilikuwa pale pale, wakiuza kahawa na mikate ya viazi, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini kama si mimi, Lathrop angemwita mama mwingine kutoka kwenye umati, na yule asingejua kusikiliza.

"Irudishe," nikasema.

"Nimeshamwambia bwana huyu idadi ya vipande. Uchache wake ndio alioupenda."

"Ahesabu tena."

"Ragna, akiona tunaongeza kitu sasa hivi, ataondoka."

"Aondoke na miguu yake, mimi nibaki na mkono wangu. Irudishe, Osmund. Leo nitapiga mimi, mbele ya watu wote hawa, ili wasikuone ukiogopa. Kesho asubuhi, nyumbani, utapiga wewe. Si Halvor. Wewe."

Lathrop akasogea. "Kuna tatizo?"

"Mume wangu amesahau kitu, bwana," nikamjibu kwa lugha yake. "Anakirudisha."

Osmund akapiga magoti vumbini. Akafungua kifuniko kwa bisibisi, akapuliza, akafuta kwa leso yake ya kanisani. Mikono ile iliyozoea kutengeneza vitu vidogo kuliko punje ya ngano ilidondosha ile springi mara mbili. Lathrop alisimama juu yake akiangalia.

"Jamani, njooni mwone!" Halvor akapaza sauti. "Kaka yangu anaongeza kitu! Pigeni picha!"

Watu wakacheka tena, na nilimshukuru moyoni. Kicheko kile kilimfunika Osmund kama blanketi.

Nikarudi kwenye hendeli. Vidole upande mmoja. Beni ilikuwa haijanyamaza nami sikusubiri inyamaze, maana nilijua nikisubiri nitakimbia. Nikazungusha polepole, nimefumba macho. Sikuusikia ule mlio. Niliuhisi, kwenye kiwiko, kidogo kama mtu anavyokugusa ukiwa umelala. Ta.

Nikavuta juu kwa nguvu zote.

Injini ikakohoa moshi, ikasita, na katika kusita kule niliuona akilini mkono wangu umepinda kwa nje, nimezeeka nao. Kisha ikapiga. Ikapiga tena. Magurudumu yakashika mwendo, na hendeli ikabaki mkononi mwangu imechomoka salama, nami nikiendelea kuikamata mpaka Halvor alipopita chini ya kamba na kuvibandua vidole vyangu, kimoja kimoja.

"Umeweza, shemeji," akasema. "Basi, iachie. Iachie."

Lathrop aliinunua magneto, pamoja na ile springi ndani yake. Injini nyingi ziliuzwa nayo katika wilaya hizi. Kama kweli springi ile ilihitajika, au kama ulimi ungedondoka wenyewe hata vumbini, mpaka leo sijui. Hakuna aliyejaribu kuwasha bila hiyo, nami sikutaka ajaribu.

*

Kesho yake niliamka nikamkuta Osmund ameshavaa viatu. Hakunywa kahawa. Alitoka, nikasikia mlango wa karakana.

Halvor alikuwa amekaa mezani, mikono yote miwili imezunguka kikombe. Nikageukia jiko, nikamimina unga uliokorogwa kwenye kikaango, wa chapati za maji, kwa kuwa nilitaka mikono yangu iwe na jambo la kufanya. Sikutaka kwenda dirishani. Nilimwona Osmund bila kuangalia: amesimama mbele ya hendeli, mikono imening'inia.

Kimya kilikuwa kirefu. Kuku wakapita chini ya dirisha. Halvor akajiinua kidogo kitini kama anayetaka kusimama.

"Kaa," nikamwambia.

Akakaa.

Kisha, kutoka nje, sauti moja ya injini kukohoa. Nikashika ukingo wa jiko. Kimya tena. Halafu injini ikaanza kupiga, kwa kusitasita, halafu kwa mpangilio, na vikombe vikatetemeka rafuni kama kila asubuhi.

Halvor akakiachia kikombe. Alisogeza sahani yake mbele. Nilipotazama kikaango, chapati ilikuwa imeungua upande mmoja, nyeusi kabisa. Niliigeuza, nikaikata vipande vitatu, nikavipanga mezani tumngoje aje.