Aliyemtuma Yolande

Zagabe alishikwa na wivu wa kumnyima mtu hamu ya kula. Na ubaya wake ni kwamba hakumwonea jirani wala mshindani wa kazi. Alimwonea Yolande, mke wake wa ndoa, aliyekuwa akila naye sahani moja pale kwao Kasha, mtaa wa Bukavu.

Wote wawili waliishi kwa kuandika. Waliandikia hoteli, maduka, mashirika, yeyote asiyejua kujisifu mwenyewe. Kazi hiyo haikufuati nyumbani. Unamtafuta mtandaoni mtu usiyemjua, unamwandikia bila kualikwa, kisha unakaa kungoja. Zagabe ndiye aliyeianza, na ndiye mwenye lisansi, yaani shahada ya chuo kikuu, ya Kifaransa. Barua zake zilijaa heshima mpaka unaona haya kuzisoma: salamu ndefu, masomo yake yote tangu shule ya msingi, diploma zimeambatishwa. Hakuna aliyemjibu. Yolande, aliyeacha chuo alipobeba mimba ya binti yao Aurore, aliandika mistari michache tu na watu wakamjibu. Sasa hilo si la kuumiza roho?

Lililomchoma kabisa ni la Mélanie. Huyo alikuwa mzaliwa wa Bukavu anayeuza kahawa ya Kivu huko Liège, Ubelgiji. Yolande hakumjua hata kwa sura. Aliona tu kwamba kwenye ukurasa wake kahawa imeelezwa kwa maneno makavu, akapanda hadi kijijini Nyantende kwa akina mama wanaoianika, akawahoji, akaandika kipande kifupi na kumtumia. Wiki haikuisha, akapewa kazi ya mwaka mzima.

"Nani alikubeba?" Zagabe akamuuliza.

"Hakuna mutu, Papa Aurore. Niliandika tu."

"Mu Bukavu hii? Batu banaandika tu na banapata?"

"Miye nilipata."

Zagabe akaguna. Mjini hapa, hata kazi ya kulinda geti haipatikani bila tonton, mjomba mwenye jina, wa kukutaja, na kila mtu analijua hilo. Basi Yolande alikuwa na mtu wake, na alikuwa anamficha. Padri wa parokia? Mwalimu wake wa zamani? Au yule Jean-Claude wa kwaya, anayemsalimia kwa mikono miwili kana kwamba ametoka safari? Wivu wa kazi ukaungana na wivu wa ndoa, na kila simu ya mkewe ilipolia, alitega sikio.

Asubuhi moja Yolande alipokwenda misa na Aurore, Zagabe akaketi akamwandikia Mélanie. Safari hii alifupisha. "Mimi pia ni mwandishi wa Bukavu. Nimetumwa kwako na mtu yule yule aliyemtuma Yolande." Alijiona mjanja kweli. Kama mtu yupo, jibu litamtaja. Na kama kazi ipo, naye apate yake.

Jibu lilikuja, ila halikuja kwake.

Zagabe na mkewe walikuwa wakichambua maharage ujumbe ulipoingia kwenye simu ya Yolande. Yolande akausoma kwa sauti, na sauti ikazidi kupungua. Mélanie alisema kwamba alipofungua duka, kila shangazi na kila tonton alimletea mtu wa kumwajiri, na hao waliotumwa nusura waliue duka lenyewe. Alimchukua Yolande kwa sababu hakutumwa na mtu. Sasa mwingine wa Bukavu amemwandikia kwamba Yolande naye alitumwa. Jina la huyo hakulitaja. Alisema tu kwamba hapendi kudanganywa, na waishie hapo.

"Ni nani alinifanyia hivi?" Yolande aliuliza, machozi yakimtoka.

Hilo ndilo Zagabe alilokuwa akilitamani chinichini: wawe sawa, wote hawana kazi. Alingoja furaha, haikuja. Alisikia aibu tu, tena nzito.

Yolande akajifuta uso kwa kitenge na kumsogezea kompyuta. "Papa Aurore, uniandikie jibu. Weye unajua kuandika kunipita. Umuambie hakuna mutu alinituma. Weye atakusikia."

Kunipita. Neno hilo alikuwa analingoja tangu kazi ile iingie nyumbani mwao. Akaweka vidole kwenye herufi, akaandika sentensi, akaifuta. Akaandika nyingine, akaifuta. Hakuna namna ya kumsafisha Yolande bila kusema ni nani aliyedanganya.

"Juu ya nini hauandike?"

"Ni miye," akasema. "Ni miye nilimuandikia. Wivu ilinishika, Maman Aurore."

Yolande alimtazama, akatazama maharage, akamtazama tena. Kisha akaisukuma kompyuta ikamgusa mumewe kifuani.

"Basi andika vile umesema. Na kule chini utie jina yako yote."