Sketi Iliyopitishwa na Kikao

Kikao cha kwanza kuhusu nguo ya Namnyaki kilifanyika mtaa wa Sakina, sebuleni kwa baba mkwe wake, Mzee Parsimei. Tulihudhuria watu saba. Kati ya hao saba hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia ziwani. Nalisema hili bila ubaya, maana mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimeitwa kama fundi cherehani, na maji mengi zaidi niliyowahi kukutana nayo ni ya beseni.

Namnyaki mwenyewe hakuwa kikaoni. Alikuwa jikoni akitutengenezea chai.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kampuni moja ya utalii ilikuwa inafundisha watu kuongoza wageni kwa kayaki, ile mitumbwi myembamba ya plastiki, kwenye Ziwa Duluti. Wanafunzi walikuwa tisa na nafasi za kazi mbili. Namnyaki alijifunza kuogelea akiwa na miaka ishirini na sita, kwa kumeza karibu nusu ya ziwa, na sasa mkufunzi alikuwa anamhesabu miongoni mwa watatu bora. Mtihani ulikuwa Jumamosi ya pili ya Julai. Atakayeshindwa angesubiri mwaka mwingine, kama mwaka huo mwingine ungekuwepo. Mumewe, Lengai, ni dereva wa watalii na alikuwa Serengeti. Alipopigiwa simu alisema, "Kaeni kikao," kisha mtandao ukakatika kwa wakati uliomfaa sana.

Kampuni ilikuwa imetoa karatasi ya mavazi. Mzee Parsimei alivaa miwani akaisoma kwa sauti: nguo nyepesi, zinazokauka haraka, zisiwe za pamba, zisiwe na kitu kinachoning'inia. Aliikunja vizuri akaiweka chini ya kitambaa cha meza.

"Hiyo ni ya wageni," alisema. "Sasa tuzungumze."

Tulizungumza kwa saa mbili. Rangi ilipita kwanza: zambarau. Kisha urefu: chini ya goti. Mama Silantoi, mama mkwe, aliomba kitambaa kiwe kizito ili kisipeperuke. Hakuna aliyeuliza upepo wa chini ya maji unatoka upande gani.

"Lakini nani atamwona huko majini?" aliuliza binamu mmoja.

"Kwani samaki hawana macho?" alijibu Mama Silantoi, na hoja ikafungwa.

Nikashona sketi ya kitenge yenye bitana, gramu mia sita ikiwa kavu. Mimi napenda kujua kitu kabla ya kukisema, kwa hiyo niliiloweka kwenye pipa nyuma ya kibanda changu cha Ngarenaro, nikaipeleka inavuja maji mpaka kwenye bucha ya jirani yangu Sumari, nikaiweka kwenye mizani.

"Kilo mbili na robo," alisema Sumari. "Nikukatie vipande au unabeba hivyo hivyo?"

Namnyaki aliijaribu ziwani siku ya mazoezi. Kesho yake alikuja kibandani, akaiweka mezani bila kukaa.

"Imekuwaje?" nikamuuliza.

"Nilipopinduka, fundi, imeniinukia mpaka kichwani kama mwavuli. Nilikuwa sioni kitu. Ila watu wote waliokuwa ufukweni waliona kila kitu."

"Kwa hiyo kikao..."

"Kikao kimenivua nguo mbele ya watu wanane. Waambie hivyo, kwa heshima."

Kikao cha pili niliwapelekea vipimo. Mzee Parsimei alinishukuru sana. "Fundi ametuletea takwimu. Tunazipokea," alisema, kisha akaziweka pamoja na ile karatasi, chini ya kitambaa cha meza. Baada ya saa moja na nusu tulipata muafaka. Namnyaki angevaa suruali ya nailoni inayofika kifundoni, lakini juu yake afunge kipande cha kitambaa mbele na nyuma, kwa ajili ya heshima. Kipande kiliitwa hivyo hivyo, kipande cha heshima.

Nailoni nilienda kununua kwa Zeenat, ambaye familia yao inauza vitambaa mjini tangu kabla sijazaliwa.

"Cha mwavuli ndicho kinachokufaa," alisema. "Ila fundi, mita mbili na nusu? Mwavuli gani huo, wenye miguu?"

"Una mpaka mama mkwe."

"Basi ongeza nusu mita," alisema Zeenat, akakata.

Kipande cha heshima nilikishikiza kiunoni kwa utepe wa kunata. Ili kuhakikisha kwamba hakibanduki, Mzee Parsimei aliamua kwenda ziwani mwenyewe. Kila mtahiniwa alitakiwa kuja na mtu wa kukaa kiti cha mbele kama mteja. Namnyaki alikuwa ameshamwomba jirani. Mzee alimrudisha jirani nyumbani kwake. Kiti cha mbele, alisema, ndicho kilicho karibu zaidi na jambo lenyewe.

Hapo ndipo Namnyaki alipokosa usingizi. Kipengele cha kwanza cha mtihani kilikuwa hiki: mwongozaji anakagua mavazi ya mteja wake, na akimpandisha aliyevaa vibaya, ameshindwa, hata kama baadaye atapiga kasia kama bata. Na katika nyumba ile mkwe hamwambii baba mkwe avae nini. Hata ugali ukiiva, anatumwa Mama Silantoi kumwita. Namnyaki alimtuma huyo huyo kwamba baba aje na nguo nyepesi.

"Nikamwambie baba yenu avae nini?" alisema Mama Silantoi. "Mimi? Nimeishi naye miaka arobaini kwa kutomwambia."

Jumamosi ilikuwa na ukungu na manyunyu, Meru haionekani kabisa. Mzee Parsimei alishuka kwenye gari akiwa na suti nyeusi, koti la sufu linalofika kwenye ugoko, skafu, kofia, na mabuti ya mpira. Alikuwa amependeza. Kwa mazishi ya mkuu wa jimbo la kanisa hakuna ambaye angemkosoa. Mimi nilikuja nyuma yake, kwa sababu kipande kikibanduka, fundi lazima awepo wa kulaumiwa.

Watahiniwa wawili walikuwa wametangulia. Mmoja alimpandisha mjomba wake aliyevaa jinsi na sweta la pamba, mwingine akampandisha kaka mkubwa aliyevaa joho la mahafali, kwa ajili ya picha. Nani angemkataa mjomba aliyejilipia nauli? Mkufunzi, Ludovick, kijana wa Kichaga mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliwaangalia, akaandika.

"Namnyaki," akaita. "Mteja wako yuko wapi?"

"Ni mimi," alisema Mzee Parsimei, na tayari alikuwa ameweka buti moja kwenye gati.

Namnyaki alisimama kando ya kayaki yake ya njano, macho chini. Nilimwona akihesabu kwa macho: koti, skafu, mabuti yatakayojaa maji kama ndoo mbili. Akanigeukia.

"Fundi, mwambie baba kwamba..."

"Aa-aa," alikatiza Ludovick. "Mteja ni wako, dada. Mjerumani akija hapa utamtumia fundi cherehani?"

Watu wakacheka. Namnyaki hakucheka. Akamgeukia mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umeshanisalimia asubuhi?"

"Asubuhi nilikusalimia kama mkwe. Sasa wewe ni mteja."

Mzee aliangalia huku na huku kama mtu aliyeuziwa kitu asichokiagiza.

"Haya. Tupande."

"Baba, koti lako ni zuri. Ni koti la msibani. Boti yangu haiendi msibani, lakini ukipanda nalo, huko ndiko tutakakofika."

Nilisikia maji yakigonga gati.

"Koti hili," alisema Mzee Parsimei polepole, "limeingia mpaka ofisini kwa askofu."

"Askofu alikuwa nchi kavu, baba."

"Kwa hiyo unaniambia mimi nivue?"

Hilo ndilo neno lililokuwa linamngoja tangu usiku. Akisema ndiyo, lingefika Sakina kabla yake, na lisingetoka tena. Namnyaki alinyanyua uso kwa mara ya kwanza.

"Sijasema uvue. Hilo siwezi kukuambia, na sitakuambia. Nakuambia hupandi."

Kuvua kungekuwa aibu na mzee angejua la kusema. Kutopanda hakukuwa kwenye ajenda ya kikao chochote. Akarudisha buti lake nyuma, nchi kavu.

"Na mimi nimejikagua," aliendelea Namnyaki. Akashika kipande cha heshima, akakibandua, krr, akakikunja mara mbili na kumpelekea baba mkwe wake kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. "Kinaning'inia. Naomba unishikie."

Akakipokea. Sidhani alipanga kukipokea. Mtu akikupa kitu kwa heshima kiasi hicho, mikono inatangulia akili.

"Na bado huna mteja," alisema Ludovick.

Namnyaki aliniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Fundi, vua sweta. Vua viatu hivyo vya kamba ndefu. Suruali yako ni ya kitambaa gani?"

"Polista."

"Inatosha. Vaa jaketi la kujiokolea, nikufunge."

Kwa upande wangu hakuna aliyeitisha kikao. Nilivua kila nilichoambiwa. Tulipiga kasia mpaka katikati, akanieleza taratibu atakavyoipindua kayaki, na kabla sijauliza kama ni lazima, akaipindua. Julai, maji ya Duluti yanakuingia mpaka kwenye meno. Nilipoibuka alikuwa ameshaigeuza na ameshika ukanda wa jaketi langu. "Piga miguu, fundi! Piga kama unakanyaga cherehani!" Nikapiga. Akanisukumia ndani kama furushi, kisha akaruka mwenyewe, nailoni imembana miguuni, hakuna kilichomwinukia. Dakika tatu na sekunde kumi. Zilizoruhusiwa ni tano.

Mchana Ludovick alisoma matokeo. Namnyaki alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa kijana aliyekuja na mteja mwenye kaptura. Yule mwenye mjomba na yule mwenye joho la mahafali walikuwa wameshindwa tangu gatini. Walipiga kasia saa nzima kwa ajili ya afya tu.

Tuliporudi, Mzee Parsimei alikaa kiti cha mbele cha gari la kukodi, mimi nyuma natetemeka ndani ya taulo la kuazima. Namnyaki alibaki ziwani kusaini mkataba. Tulipopita Kimandolu mzee aligeuka nyuma.

"Fundi. Leo wamekataliwa wateja wangapi?"

"Mmoja, mzee."

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi peke yangu?"

"Wengine waliovaa vibaya walipandishwa tu. Ndiyo maana waliowapandisha wameshindwa."

Tukafika karibu na Sanawari. Nilimwona kwenye kioo akinyoosha kola ya koti.

"Kwa hiyo bila koti hili asingepata pa kukataa," alisema.

"Inawezekana, mzee."

"Hapana, siyo inawezekana. Fikiri vizuri. Ningekuja na kaptura, angenipandisha kama wenzake, nani angejua kama anafaa?"

Nikasema nitafikiri.

Kikao cha tatu kilikaa Jumatatu. Mzee Parsimei alieleza kwa kirefu jinsi alivyochagua mavazi yale makusudi, kumpima mkwe wake. Mama Silantoi alimtazama muda mrefu, akaomba sukari. Wajumbe walimpongeza mzee kwa kupiga makofi, na mimi niliyekuwa na mafua niliombwa niandike muhtasari, kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka. Pongezi za mzee zilichukua ukurasa mmoja na nusu. Kuajiriwa kwa Namnyaki, ambaye saa hiyo alikuwa ziwani na wageni sita, kuliwekwa mwishoni, kwenye mengineyo.