Mchanga wa Idi Tumboni mwa Chefe

Mji mzima wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ulimjua Chamima kwa mdomo wake. Watu wa kampuni ya gesi wakiitisha mkutano, wakaja na viatu vyao vizito na maji yao ya chupa, yeye ndiye aliyesimama kwanza. Aliwakumbusha minazi iliyohesabiwa kisha ikasahauliwa, makaburi yaliyobaki ndani ya ua wa waya, na siku ile mji uliposhambuliwa, watu wakakimbilia porini na watoto mgongoni huku wengine wakibebwa kwa ndege. Hakusahau kitu. "Mlijua," ndivyo alivyowaambia, "mlijua mkanyamaza."

Sasa mwanamke huyo huyo alikuwa amepiga magoti sakafuni mwa nyumba ya watu, mikono ndani ya sanduku la kioo, akizoa mchanga kwa kikombe upesi upesi kama mwizi.

Sanduku lilikuwa la dona Cristina, yaani Bi Cristina, injinia wa kampuni ile ile ya gesi, mwenyeji wa Maputo, ambaye Chamima alimfulia na kumpikia. Ndani yake aliishi mjusi. Si huyu wa ukutani tunayemjua. Huyu alikuwa na urefu wa toka kiwiko hadi ncha za vidole, rangi ya udongo wa kichuguu, na shingoni alikuwa na miiba laini ambayo akikasirika ilivimba ikawa nyeusi, utadhani ndevu. Asili yake Australia. Dona alimnunua Afrika Kusini akamwita Chefe, yaani mkubwa wa kazi, kwa kuwa kutwa nzima alikaa juu ya gogo lake, kidevu juu, akitazama wengine wakihangaika.

"Jina limempata," Laila, wifi yake Chamima, alisema siku alipokuja kumwona. "Kasoro gari tu."

Kabla hajaenda likizo, dona alimwonyesha Chamima kila kitu. Taa ya joto iwake mchana kutwa, maana mjusi hana moto wake mwenyewe mwilini, na asipoota joto chakula humlalia tumboni. Mboga ikatwe ndogo ndogo. Panzi asizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya Chefe, akizidi atamkaba. Na chini ya sanduku yatandikwe magazeti, yabadilishwe kila anapokunya.

"Mchanga usimwekee, mama Chamima. Mchanga hapana kabisa."

"Sawa, dona," alijibu, lakini neno lilimchoma. Mchanga una nini? Kwao Quionga, Idi ikikaribia, wanawake hushuka pwani na ndoo, wakachota mchanga mweupe uliooshwa na bamvua, wakaja kuumwaga uani na mlangoni. Ndilo zulia la asiye na zulia. Makaburi ya wazee humwagiwa huo huo. Nyumba isiyo na mchanga mpya siku ya Idi ama imefiwa, ama mwenyewe mvivu. Na hawa waliokuja wakaizungushia pwani waya, leo wanasema mchanga wake haumfai hata mjusi!

Basi Idi ilipokaribia, dona yuko Maputo, Chamima alichota ndoo moja ya ziada. Akauchekecha, akatoa vipande vya makombe. Akayaondoa magazeti yaliyokuwa yananuka, akammwagia Chefe mchanga mpaka sanduku likang'aa. "Nawe usherehekee," akamwambia. Akamwachia panzi. Chefe akashuka gogoni kuwafukuza, ulimi wake mnene wenye ute ukipiga chini, na kila ulipopiga ulirudi na panzi na punje za mchanga. Chamima aliliona hilo. Aliliona, akacheka, akasema mkubwa leo anakula pilau kwa mkono.

Idi ikapita, magazeti ya zamani yakiwa yamekwisha kutupwa, na juu ya ule mchanga mweupe halikuonekana hata tone la kinyesi. Chefe akaacha mboga, kisha akaacha panzi. Tumbo likawa gumu kama ngozi ya ngoma iliyowambwa juani. Asubuhi moja alitaka kupanda gogo, na miguu ya nyuma haikumfuata. Ilijiburuta tu nyuma yake.

Siku hiyo hiyo simu ikaleta ujumbe wa dona. Chefe mzima? Amekunya?

Chamima aliutazama ujumbe ule muda mrefu. Nyumbani kwake sufuria ilitegemea kazi hii, na mama yake, na watoto wa Laila. Na kazi za Palma tunazijua. Hata mpishi analetwa kutoka kusini, mwenyeji akaambiwa hana uzoefu. Akaandika: amekunya, dona. Mzima.

Ndipo alipopiga magoti na kikombe. Aliuzoa mchanga wote, akapangusa kioo, akatandika magazeti mapya, akaumwaga mchanga nyuma ya nyumba na kuukanyaga uchanganyike na udongo. Ule wa sandukuni uliondoka. Ule wa tumboni ulibaki palepale. Dona alipouliza tena, Chamima alijibu vilevile, na safari hii kidole hakikusita. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, kuliko hata mjusi.

Laila alipofika, alimkuta amekaa mbele ya sanduku na chai imepoa mkononi.

"Wifi, huyo ni mjusi," Laila alisema. "Mpige ndala upate thawabu, halafu mwambie dona uzee umemchukua."

"Wa thawabu ni yule mjusi wa ukutani, aliyeupuliza moto wa kumchoma Nabii Ibrahimu. Huyu wakati huo alikuwa kwao Australia."

"Mjusi ni mjusi. Wote ndugu."

"Ndivyo tulivyoambiwa sisi tulipokimbia Palma," Chamima alisema polepole. "Tulifika kwa watu na njaa yetu, wakatutazama vitambaa vyetu vya kichwani, wakasema hawa na wale waliochoma mji wote ndugu. Umesahau?"

Laila hakuwa amesahau. Aliinama akamtazama Chefe kupitia kioo. Chefe alikuwa amefumba jicho moja.

"Basi mwambie mwenyewe ukweli."

"Nikimwambia, kazi imekwenda."

"Na usipomwambia, huyu ndiye anayekwenda. Wifi, mkutanoni, mtu aliyefanya kama wewe ungemwambiaje?"

Chamima aliweka chai chini. Alimtaka Laila atoke, na Laila hakutoka. Chamima akapiga simu akiwa anatazamwa.

Upande wa pili zilisikika sahani na vicheko vya watu mezani. "Dona, nimekudanganya," alisema kabla ya salamu. "Chefe hajanya tangu Idi. Tumbo gumu, miguu ya nyuma anaiburuta. Nilimwekea mchanga."

Vicheko vikawa mbali, kama dona ametoka nje. "Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Kwa nini basi?"

Jibu alikuwa nalo, amelitunga kwa siku kadhaa. Ndani yake mlikuwa na Idi, na pwani, na waya, na makaburi, na kila neno lake lilikuwa la kweli. Lakini alipomtazama yule mnyama, ambaye hakumzungushia mtu waya, akaliacha lote.

"Kiburi, dona."

"Na ukaniandikia kuwa mzima."

"Ndiyo."

Simu ikakatwa. Laila alisonya, akasema basi, kazi ndiyo hiyo imekwenda. Ila haukupita muda dona akapiga tena, sauti kavu kama ya mtu anayesoma. Alikuwa amezungumza na daktari wa wanyama. Amweke Chefe kwenye beseni la maji vuguvugu yasiyompita mabega, kiganja chini ya kidevu asije akazama. Amsugue tumbo kwa kidole gumba, taratibu, toka kifuani kwenda mkiani. Amkaushe, amrudishe kwenye joto la taa. Chakula asipewe mpaka kitoke kilichomo.

"Na mafuta ya nazi?" Laila alinong'ona.

"Mafuta asimwagiwe mdomoni," dona alijibu, maana alisikia. "Yatamwingia mapafuni."

Wakaanza. Asubuhi beseni, jioni beseni. Chefe hakupigana. Ndevu zake hazikuwa nyeusi hata mara moja. Alilaza tu kidevu kwenye kiganja kilekile kilichommwagia mchanga. Angemuuma ingekuwa afadhali. Chamima alisugua, akahisi chini ya kidole lile donge, gumu kama kokwa ya embe, na kila alipolipita alisema samahani.

Lilitoka asubuhi, maji yakiwa bado na joto. Kwanza kidonge cheupe kama chokaa, kisha donge lenyewe, likapasuka na kutua chini ya beseni. Mchanga mtupu. Mweupe, safi, mzuri, kama alivyouchota.

Chamima alipiga picha akaituma. Dona akajibu: Asante. Miguu?

Wa kulia ulirudi. Wa kushoto haukurudi sawasawa. Hadi leo akitembea unachelewa nyuma, kama mtu aliyeitwa na hataki kuja. Daktari alisema, kupitia simu, kwamba wangejua mapema huenda miguu yote miwili ingepona. Dona aliporudi kutoka Maputo, hakuuliza habari za nyumba. Alimtoa Chefe sandukuni, akaunyoosha ule mguu kwa vidole viwili.

"Huu ungepona, mama Chamima."

"Najua."

"Sitakufukuza. Lakini kila asubuhi nikiwa kazini kambini, utanipigia picha ya kinyesi chake. Neno lako peke yake silitaki tena."

Kuna watu wamewahi kumwambia Chamima neno dogo kuliko hilo wakajuta mbele ya mji. Alisema sawa, akaenda kuosha beseni.

Laila alicheka mpaka akashika mbavu. "Mpigania haki wa Palma," alisema, "simu imejaa mavi ya mkubwa." Chamima naye alicheka kidogo, kisha akaacha.

Mvua zilipoanza, dona alimwambia inatosha, picha aache sasa, amemwamini. Kesho yake asubuhi Chamima alilitoa gazeti la sandukuni, akalipeleka dirishani penye mwanga mzuri, akapiga picha, akaituma.