Shimo Ambalo Hakuna Aliyechimba

Mwalimu Januarius alinipa chaki nichore ubaoni shimo la mwezini. Nikachora vizuri tu, udongo wote nikauweka upande mmoja, kama lambo la babu kule Bukundi. Likizo huwa tunachimba pamoja, udongo tunautupa upande wa chini uzuie maji, upande wa juu tunauacha wazi ng'ombe washukie. Mimi sikujua kuna shimo la namna nyingine.

Nancy, tunayekaa dawati moja, akaniuliza hao ng'ombe wa mwezini ni wa ukoo gani. Darasa zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. Akauliza, "Kija, huo udongo nani kautupa upande mmoja?"

Sauti haikutoka. Kawaida yangu. Akasema kesho nieleze kwa mdomo, nikinyamaza tena nafasi ya kwenda kwenye maonyesho ya sayansi anampa Nancy. Na mimi hayo maonyesho nayataka kuliko kitu chochote, maana kutakuwa na darubini.

Jioni, nyumbani Somanda, mayu, mama yangu, alikuwa anachekecha unga uani. Nikamwomba sinia moja. Nikatandaza unga, juu nikanyunyizia majivu, nikapanda kwenye stuli nikaachia jiwe. Pu. Unga ukaruka pande zote, ukingo ukasimama mviringo, na juu ya majivu ikachorwa mistari myeupe, mirefu, kama miale.

Mayu akasema ugali wa majivu nitakula mwenyewe. Alikuwa anamimina maziwa kwenye bakuli, tone la mwisho likadondoka. Maziwa yakabonyea, halafu katikati yakainuka kama kilima kidogo, yakatulia.

Kitabuni shimo lina kilima katikati. Nilikiruka kwenye mchoro, kwa sababu lambo halina kilima.

Nikamwomba adondoshe tena. Akadondosha, akaniangalia, akadondosha lingine bila kuuliza.

Nililala nikiliwaza lile jiwe la mwezini, lililoacha shimo. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo lilianguka bila mlio. Hakuna upepo wa kufuta ukingo, hakuna mvua. Limepiga kimya kabisa, na alama yake ipo mpaka leo, mamilioni ya miaka.

Asubuhi nikapeleka sinia darasani. Nikapanda kwenye kiti. Nikaachia jiwe, wote wakasogea.

"Hakuna aliyechimba," nikasema. "Jiwe lilikuja kwa kasi mno, likapasuka, udongo ukaruka pande zote."

"Na kilima?" Nancy akauliza.

"Ardhi ilibonyea, ikarudi juu. Kama maziwa ukidondoshea tone."

Sauti ilikuwa ndogo, waliokaa nyuma iliwabidi wanyamaze ili wasikie. Wakanyamaza. Mwalimu akaandika jina langu kwenye karatasi ya maonyesho.

Nancy akanipangusa unga shavuni. "Sasa ng'ombe wako watashukia wapi?"

Nikamwambia wapande ukingo, hakuna mlango. Wakacheka tena, safari hii na mimi nikiwemo.