Fedha Niliyoiita Bati

Ukitafuta fedha kwenye simu, usiandike neno fedha. Ukiandika fedha utaletewa mikopo ya haraka na picha za watu wanaocheka na maburungutu mkononi. Neno letu hili limebeba pesa na madini kwa pamoja, na simu haijui kutofautisha. Tena, anayejua kwamba alichonacho ni madini ya fedha hakiuzi kwa bei ya kunifaa mimi. Mimi natafuta wasiojua. Naandika "bangili ya chuma", "kijiko cha zamani", "vitu vya bibi", halafu napitia picha moja moja kwenye makundi ya kuuziana vitu vilivyotumika, ya Korogwe, Handeni, Mombo, hadi Lushoto huko.

Kazi yangu inayojulikana ni kibanda cha chaja na makava ya simu hapa Korogwe. Hii ya fedha ni ya pembeni, na jicho lake nilipewa na mzee Dhirajlal, sonara, ambaye nilimfanyia kazi za duka miaka sita kabla hajafunga. Alinifundisha kwamba weusi wa fedha hukaa kwenye mikunjo na haumomonyoki kama kutu. Alinifundisha kwamba kitu kilichopakwa tu huonyesha unjano au wekundu pale kilipolika. Na ukikosa dawa ya kupimia, alisema, tumbukiza ncha moja kwenye maji ya moto ushike nyingine, kwa sababu hakuna madini yanayopitisha moto upesi kama fedha. Kusema uongo hakunifundisha. Hilo nilijiongezea mwenyewe.

Tangazo lenyewe nililiona mwezi wa Shaabani, asubuhi, kabla sijapata mteja hata mmoja. "Bangili ya bati ya zamani. Imekatwa. Elfu sita tu. Kang'ata." Picha ilikuwa imepigwa juu ya khanga, na bangili ilikuwa na uchafu wa kuku. Nikaikuza. Nyuzi mbili zilizosokotwa, katikati vitone vidogo mfano wa punje za mtama. Msumeno ulikuwa umepita upande mmoja, na pale ulipopita ndani palikuwa peupe sawasawa na nje. Bati halina weupe huo. Nilicheka peke yangu kibandani, maana niliijua bangili ile, na neno bati nililijua zaidi. Lilikuwa langu.

Miaka mitatu nyuma bibi mmoja alikuja kibandani kwangu akitokea kupimwa macho. Alikuwa amepungukiwa hela ya dawa, na mtu alimwambia kwamba yule binti wa chaja ananunua vitu vya kale. Alikuwa na bangili mbili, moja kila mkono. Ya kulia tuliitoa kwa sabuni. Ya kushoto ilikataa, kifundo kilikuwa kimeshavimba kwa uzee.

"Ni fedha, mwanangu," aliniambia. "Mume wangu alinichumbia nazo."

"Nani alikudanganya, bibi? Hii ni bati, imeng'arishwa tu."

Hakubisha. Alishika ile iliyobaki mkononi akaizungusha. "Bati kabisa?"

"Bati kabisa, bibi," nikamjibu, huku natafuta chenji.

Nikampa elfu nane. Bangili ile niliiuza Dar es Salaam kwa mama anayeitwa Heena, mkusanyaji wa vito vya masonara wa zamani, na kabati la vioo lililopo kibandani mwangu leo lilitokana na hiyo. Heena aliniambia nikipata pacha yake atanipa mara tatu. Tangu hapo nilikuwa nikiitafuta. Kumtafuta bibi mwenyewe sikufikiria, hata jina lake sikuwa nimeuliza.

Kwa hiyo nilipoona tangazo nikaandika haraka: "Mwisho elfu tano?" Nikajibiwa: "Njoo dada." Nikafunga kibanda, nikapanda gari mpaka Handeni mjini, nikachukua bodaboda hadi Kang'ata. Njia nzima nilikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Mwenye tangazo alikuwa Mwanaisha, msichana wa miaka ishirini hivi, mjukuu wa bibi yule. Bibi mwenyewe alikuwa ameketi mkekani akipukuchua mahindi kwenye ungo. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Zile dawa hazikusaidia kitu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Ndiyo wewe wa bangili?"

"Ndiyo mimi." Nilipunguza sauti, nisije nikatambulika. Hakunitambua.

Mwanaisha alikwenda kuichomoa bangili kwenye mlango wa banda la kuku, ambako ilikuwa inashikilia komeo. Niliipangusa kwa kidole gumba. Ilikuwa nzito, na kwa ndani, chini ya uchafu, kilikuwepo kile kiua cha majani matano ambacho baba yake mzee Dhirajlal alikuwa akikigonga kwenye kazi zake zote. Nikatoa elfu tano, nikaitia bangili kwenye pochi na kuvuta zipu.

"Imekwenda?" bibi akauliza.

"Imekwenda, bibi."

"Afadhali," alisema, akaendelea na mahindi yake.

Mwanaisha akanisindikiza. Bodaboda wangu alikuwa ananingoja barabarani, na njia ilipita ukingoni mwa shamba lao penye makaburi ya ukoo, sita au saba. Yote yalikuwa yamepaliliwa kwa ajili ya Shaabani isipokuwa moja. Hilo moja lilikuwa limezama kwenye nyasi mpaka mawe yake hayaonekani. Ningeweza kupita bila kuuliza. Mdomo wangu haujui kunyamaza.

"Huyu hana watu?"

"Ana watu, dada. Ni babu Mhina, mume wake bibi. Bibi amekataza lisiguswe."

"Amekataza?"

"Kwa ajili ya hiyo bangili." Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka na jambo. "Babu alikata mkonge miaka mitatu huko Korogwe ili amchumbie. Alisema alinunua rupia za fedha za zamani moja moja, akampa sonara aziyeyushe. Baadaye wakamweka kwenye korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, ikamla masikio. Alirudi huku kiziwi kabisa. Bibi alikuwa anamsemea kila mahali, barazani, hospitali, hata kwenye mikutano ya kijiji. Walipendana sana hao. Alipokufa, bibi alikuwa anakuja hapa kila Ijumaa, anaongea naye kwa kelele mpaka watu wanamcheka. Halafu akaenda Korogwe kuuza moja, akaambiwa na mtu wa mjini kwamba ni bati."

Pochi niliibana kwapani.

"Alikuja kutuhadithia kama mchezo tu. Sasa babu Faraji, mdogo wake marehemu, ambaye ni mtani wake, akasema: 'Shemeji, kumbe kaka alikuoa kwa bati! Mvua zikianza tukupandishe juu ya paa.' Tulicheka wote, na yeye alicheka. Kesho yake akaniambia nilete msumeno. Nilimkata mimi mwenyewe hiyo bangili, dada, polepole nisije nikamchana. Anasema amemsemea miaka hamsini mtu aliyemdanganya siku ya kwanza. Tumeshaagizwa: akifa apelekwe Kerenge kwa kaka zake. Hataki kulala karibu na babu."

Tukafika barabarani. Bodaboda akawasha pikipiki. Nikapanda, na nilishakaa. Nilijiambia nitamtumia Mwanaisha hela kwenye simu, nyingi, nitasema ni zawadi ya bibi. Nikapiga hesabu ya kiasi gani, na hesabu ikanishinda, kwa sababu hela yoyote ambayo ningetuma isingeweza kumwambia yule bibi kwamba mume wake alikuwa mkweli. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia, ya kunipanda masikioni. Wizi nilikuwa nikiujua. Nilijua nimemwibia bibi bangili na nikalala usingizi. Kwamba nimemwibia mume, hilo nililijua hapo barabarani.

Nikashuka. Mwanaisha akadhani nimesahau kitu.

Bibi alisikia hatua zetu. "Mmerudi?"

Nilipiga magoti mkekani. "Bibi, mimi ndiye wa Korogwe. Wa kibanda cha chaja. Niliyekuambia ni bati ni mimi. Nilisema uongo. Ni fedha tupu, zote mbili."

Mikono yake ikasimama juu ya mahindi.

"Ile siku ulisema bati," alisema hatimaye. "Leo unasema fedha. Mdomo ni huo huo. Nikuamini lipi?"

Kumwonyesha ule weupe ndani ya mkato kungekuwa kumdhihaki, kwa macho yale. Ndipo nikamkumbuka mzee Dhirajlal.

"Mwanaisha, kuna maji ya moto jikoni? Lete kikombe. Na ulete kipande cha bati, bati la kuezekea."

Akaleta chupa ya chai na kikombe, na kipande cha bati alichokiokota nyuma ya banda. Nikajaza maji yanayofuka. Nikatumbukiza ncha ya bangili na ncha ya bati pamoja, nikauchukua mkono wake wa kulia nikaushikisha bati, na wa kushoto nikaushikisha bangili.

"Usiniamini mimi, bibi. Shika tu."

Alishika. Haikupita hata dakika, akautoa mkono wa kushoto kwa kushtuka akapuliza vidole. Mkono wa kulia ulikuwa bado umetulia juu ya bati. Akarudisha wa kushoto taratibu, akaungua tena, akautoa. Mara ya tatu aliuacha hapo ukiungua.

"Bati lipo baridi," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Hili jingine linachoma."

"Hiyo ndiyo fedha. Mwana wa sonara aliyezitengeneza ndivyo alivyonifundisha."

Uso wake ulikunjamana. "Mhina," akaita, sauti ya chini kabisa, halafu akalia. Mwanaisha alimshika mabega, naye akalia, na mimi nilibaki nimepiga magoti nikijua kwamba sina ruhusa ya kulia mahali pale.

Alipotulia nikatoa bangili majini, nikaifuta kwa ncha ya mtandio na kumpa. Akajaribu kuivaa. Mkato wa msumeno ukamkwaruza, ikakaa wazi, haikushika. Akaivua akaifumbata.

"Na mwenzake?"

"Niliuza Dar, bibi. Nitauliza, lakini sidhani kama nitaipata. Hela yake nitakuletea yote."

"Sijakuuliza hela." Akamgeukia mjukuu wake, akamwambia jambo kwa Kizigua, na Mwanaisha akaenda kuleta jembe na fimbo. Kisha bibi akanigeukia mimi, na yale macho yasiyoona yakatua hasa usoni pangu. "Inuka. Tunakwenda kwa mume wangu."

Tulitembea polepole. Yeye alinishika mkono, na mshiko wake ulikuwa wa nguvu kuliko nilivyotegemea. Makaburini Mwanaisha alianza kupalilia nyasi, nami nikang'oa kwa mikono, mbigili zikanichoma na sikuona vibaya. Mawe yalipoonekana bibi akaketi chini, akayapapasa moja baada ya jingine mpaka akafika la kichwani.

"Asalaam aleikum, Mhina," alisema. "Nimekuja. Nimekukosea na nitakutaka radhi mwenyewe, tukiwa wawili. Kwanza nimekuletea mtu." Akanivuta karibu. "Haya. Mimi nilikudhania vibaya, Mhina, lakini neno halikuwa langu. Mwenye neno aseme. Taja jina lako na la baba yako."

Baba yangu alikuwa mwalimu wa madrasa. Sikutaka kabisa kulitaja jina lake pale.

"Mimi ni Munira binti Ukasha, wa Korogwe," nilisema. "Bangili ulizompa mkeo zilikuwa fedha. Hukumdanganya. Aliyesema bati ni mimi, na nilikuwa najua."

Shamba la pili, mzee mmoja na wanawake wawili walikuwa wanapalilia. Mwanaisha aliniambia baadaye kwamba yule mzee ndiye Faraji. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza. Kisha akatikisa kichwa kukataa, na bangili akaikandamiza juu ya lile jiwe.

"Sema tena, mwanangu," alisema. "Kwa nguvu. Huyu alikuwa hasikii."

Nikasema tena, tangu jina la baba yangu, kwa sauti ya juu kabisa niliyokuwa nayo, mpaka kule shamba la pili majembe yakasimama.