Mapumziko ya Bi Aliya

Bi Zuwena alipofariki, mwezi wa Machi mwaka 2004, Aliya alikuwa amemuuguza miaka kumi na mmoja. Marehemu alikuwa mama wa mumewe, si mama yake wa kumzaa, lakini kufikia mwisho jambo hilo lilikuwa halina maana tena. Mwili ule Aliya aliujua kila mfupa. Kiharusi kilimpiga bibi upande wa kulia, kisha maneno yakampotea, kisha akawa mtu wa kugeuzwa kitandani kila baada ya saa tatu asichubuke mgongo. Kwa ajili hiyo Aliya aliacha ualimu.

Arubaini ilipokwisha na jamaa kutawanyika, aliona mwili wake umekataa kuipokea habari. Adhana ya alfajiri ikisikika yuko wima, miguu inamchukua mpaka chumba cha mkwewe, na mpaka aone kitanda kitupu ndipo anapokumbuka. Hurudi akakaa ukingoni mwa kitanda chake, usingizi usije. Mchana watu walidhani amenuna. Hakununa. Uso tu ulikuwa mzito kuubeba.

Mumewe, Msellem, alikuwa anamalizia kazi yake katika duka la magari la Wattaya, mjini Maskati, ambako aliuza magari kwa miaka ishirini na sita, hata harufu ya viti vipya ikawa inamtia kichefuchefu. Binti yao, Radhia, alikuwa akisoma Ufaransa katika mji wa Dijon. Kwa simu alimhadithia baba yake habari za mfereji mkubwa uliochimbwa zamani, na kando yake njia ya farasi waliokuwa wakivuta mashua za mizigo. Farasi hawako tena. Sasa watu huipita njia ile kwa baiskeli, siku nzima, baina ya maji na mashamba ya mizabibu, wala hawakutani na gari. Neno hilo la mwisho ndilo lililomkaa Msellem kichwani.

"Nnakupeleka ukapumzike," alimwambia mkewe mezani.

"Wapi?"

"Ufaransa. Tutapanda baskeli kando ya mfereji, siku sita, mpaka kwa Radhia."

Aliya akamtazama. "Hayo ndiyo mapumziko?"

"Hakuna gari, hakuna simu, hakuna mgonjwa."

"Mimi baskeli siijui, Baba Radhia."

"Utajifunza."

Alikubali kwa sababu kukataa kulitaka nguvu, na nguvu hakuwa nazo.

Msellem alijaribu kumfundisha mwenyewe siku mbili, akapiga makelele mengi, mkewe akaanguka mara nne. Ndipo kazi ile ikamwangukia Pelagia. Huyu alikuwa mwanamke wa Bukoba, wa miaka kama arubaini, aliyeletwa miaka sita nyuma kusaidia kumuuguza bibi, na baada ya msiba akabaki na kazi za nyumba. Kwao alikuwa akipeleka mikungu ya ndizi sokoni kwa baiskeli, tena kwenye vilima.

Nyuma ya nyumba yao ya Mawaleh palikuwa na barabara mpya iliyotiwa lami kabla viwanja havijajengwa, nguzo za taa zimesimama na nyumba hata moja hakuna. Huko walikwenda baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali. Pelagia alikishusha kiti cha baiskeli mpaka nyayo za Aliya zikagusa chini. Kisha akampunguzia buibui lake urefu kwa mkasi na sindano, maana cheni ilikwisha kulila mara moja.

"Usikanyage pedali, mama. Tembea nayo tu, kama mtu anayetembea amekaa."

"Watu watanicheka."

"Watu wako wapi?"

Wiki mbili akatembea hivyo. Wiki ya tatu akaanza kuinua miguu kidogo, halafu zaidi, na siku moja akaiweka juu ya pedali akaenda mpaka nguzo ya sita, akashuka, akarudi akiisukuma. Pelagia hakumpigia makofi. Alimpa maji tu akasema, "Kesho tunaanza kona."

Msellem alikuwa akijifunzia peke yake. Ijumaa moja alidai anakwenda mpaka Qurayyat, mji wa wavuvi wa mbali, na alasiri alirudi amepakiwa nyuma ya pikapu ya samaki, yeye na baiskeli yake juu ya masanduku ya barafu, akaisimulia safari ile kwa wiki nzima kama ushindi.

Mwisho wa Septemba wakasafiri. Walianzia katika mji mdogo uitwao Tonnerre, wakakodi baiskeli mbili zenye mifuko pembeni, wakaingia njiani. Ilikuwa kama alivyosema Radhia. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia kabisa, na miti mirefu imepangwa kwa safu kama waumini msikitini. Juu ya vilima wachumaji walikuwa wameinamia mizabibu na vikapu vyao. Kila baada ya mwendo mfupi palikuwa na malango mazito ya kuzuia maji, ya kupandishia na kushushia mashua, na kando ya kila lango kijumba cha mlinzi wake chenye maua dirishani. Magari hayakusikika. Aliya aliviona vyote hivyo kama mtu anayeoneshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

Msellem alifunga kidude cha kuhesabia kilomita kwenye usukani. Siku ya kwanza, thelathini na nane. Siku ya pili mvua iliwanyeshea tangu saa nne, na bado wakafanya arubaini na moja. Yeye alikuwa mbele daima, akigeuka mara mojamoja kusema jambo ambalo upepo ulilichukua.

Siku ya tatu, mchana, vidole vya Aliya vilikataa kubana breki. Alishuka mbele ya lango mojawapo, akailaza baiskeli majanini, akakaa kwenye ukingo wa jiwe. Robo saa ilipita kabla mumewe hajarudi kumtafuta.

"Umeumia?"

"Sikuumia."

"Basi tujikaze. Imebaki kumi na saba tu, na hoteli inatungoja."

"Nenda."

"Nende vipi bila ya wewe?"

"Kama unavyokwenda tangu juzi."

Msellem aliegemeza baiskeli yake kwenye mti. "Mama Radhia, mimi nimekuleta upumzike."

"Umenileta. Siku tatu nnautazama mgongo wako." Sauti yake haikupanda, alisema kama anayesoma barua ya mtu mwengine. "Na nyumbani ilikuwa vilevile. Kila asubuhi nnauona mgongo wako unatoka kwenda Wattaya, mimi nnarudi ndani kwa mama yako. Miaka kumi na mmoja. Ulimgeuza mara ngapi?"

Mashua moja ndogo ilikuja, malango yakafungwa nyuma yake, maji yakaanza kujaa taratibu, mashua ikainuka mbele ya macho yao mpaka ikawa sawa na majani. Ilipokwisha kuondoka ndipo Msellem aliposema.

"Nilikuwa naogopa."

"Kumshika?"

"Kumshika. Ile ngozi nnaiona kama itachanika mkononi mwangu. Na akinitazama kwa lile jicho lililobaki zima, nnaona ananilaumu. Nikawa nabaki dukani mpaka milango inafungwa, hata kama mteja hapana."

"Nilijua."

"Ulijua vipi?"

"Nikipiga simu, Ghanim ananambia bwana yupo, amekaa ndani ya gari la maonesho."

Ghanim alikuwa karani wa duka lile. Msellem aliinamisha kichwa. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo, "Unadhani alinilaumu?"

"Sijui kama yeye alikulaumu. Mimi nilikulaumu."

Wakakaa. Hakuna aliyemgusa mwenziwe. Mlinzi wa lango, bibi wa kizungu mwenye mvi na viatu vya mpira, alikuwa amewaona kitambo kutoka mlangoni kwake. Akaja na kiti cha nyumbani akamwekea Aliya, akarudi tena na mkate, jibini na kichala cha zabibu nyeusi. Alileta na chupa ya mvinyo. Msellem akaweka mkono kifuani na kutikisa kichwa, bibi akaelewa, akaibadilisha kwa jagi la maji. Kisha akaonesha kwa kidole chumba cha juu cha nyumba yake, akaweka viganja viwili chini ya shavu.

Aliya aliswali alasiri amekaa, akalala. Aliamka kesho yake jua likiwa juu. Alfajiri ilikuwa imempita bila ya kumwamsha, na kwa muda alishindwa hata kujua yuko wapi. Dirishani aliona soksi zake na buibui lake kwenye kamba ya bibi yule, vimefuliwa na havikukamuliwa vizuri, maji yanachuruzika. Msellem alikuwa amesimama chini ya kamba hiyo, suruali imemrowa, hajui afanye nini zaidi.

Aliya aliposhuka, Msellem alimuuliza, "Tufanyeje?"

"Kilomita nane kwa siku," Aliya alisema.

"Hatutafika Dijon."

"Hatutafika."

Wakampigia Radhia kwa simu ya nyumba ile, wakamwambia asiwangojee. Tangu hapo Aliya alikuwa mbele. Alikwenda polepole, akisimama anapotaka, penye kivuli au pasipo na kitu chochote. Asubuhi ya pili alimsikia mumewe nyuma yake analia. Hakugeuka, alipunguza mwendo tu, asije akamwacha.

Siku ya mwisho wakampigia tena, Radhia akaja kwa treni na kuwakuta katika kijiji ambacho jina lake halikuwakaa ulimini, wamekaa ukutani wanakula zabibu. Alikuwa amewapangia hoteli tatu, na zote hawakuzifika.

"Sasa mmefika wapi?" aliuliza.

"Hapa," alisema mama yake, akamsogezea nafasi ukutani.

Asije mtu akadhani Aliya alirudi Maskati amepona uchovu wake. Alirudi amechoka, magoti yanauma, isipokuwa sasa alijua amechoka na mumewe alijua. Hilo lilikuwa jambo, ingawa si kubwa sana.

Pelagia aliwafungulia mlango. Nyumba ilikuwa inang'aa, mapazia yamefuliwa. Aliya alikuwa ameshapanga njiani: sasa kazi ni nyepesi, Pelagia atakaa nao tu kwa raha. Kesho yake, wakiwa wawili jikoni, akamwambia hivyo.

Pelagia alikuwa anapanga sahani. Alimaliza kuzipanga kwanza.

"Mama, mimi nataka kwenda nyumbani. Siyo likizo. Kwenda kabisa."

"Kuna mtu kakuudhi?"

"Hapana. Nimechoka. Tangu bibi afariki nilitaka kusema, nikaona hali yako, nikanyamaza."

Aliya alifungua mdomo kumwambia kwamba sasa hakuna mgonjwa, hakuna wa kumwinua. Maneno hayo akayasikia kabla hayajatoka, akayaacha. Alimtazama yule mwanamke aliyekuwa akikamata miguu huku yeye akikamata mabega, kila siku kwa miaka sita, na akaona aibu kwamba alimfikiria wakati wote kama mkono wake mwengine, si mtu mwengine.

"Mgongo?" aliuliza.

"Mgongo. Na vingine."

"Kaa, Pelagia. Hizo sahani ziache."

Msellem alishughulikia karatasi za kuondokea, na Ramadhani ilipofika katikati Pelagia akaondoka na masanduku mawili, baiskeli ya mafunzo imefunguliwa vipandevipande ndani ya boksi, kwa sababu aliiomba. Kwenye uwanja wa ndege wa Seeb yeye na Aliya walishikana mikono muda mrefu. Hawakuwa watu wa kukumbatiana.

Mume na mke walirudi Mawaleh alasiri. Jiko lilikuwa kimya. Msellem alisimama mlangoni, akauliza wafuturu nini leo.

"Sijui," Aliya alisema. "Mimi sipiki."

Msellem akakunja mikono ya kanzu, akaingia. Aliya alijilaza kwenye mkeka sebuleni, mkono juu ya macho. Alisikia kabati inafunguliwa, mfuko wa unga unachanika, sufuria inaanguka na kubiringika sakafuni. Hakuinuka.